Keki Imeungua Juu, Katikati Mbichi: Namna ya Kupima na Kutengeneza Kihisi Joto cha Oveni ya Umeme

Umezungusha kitufe hadi nyuzijoto 180, keki ya dakika 40 ikatoka imepasuka juu huku katikati bado uji. Au umesubiri saa nzima na mkate haujabadilika rangi. Mtaani utaambiwa mara moja kwamba sensa, yaani kihisi joto, imekufa. Mara nyingine ni kweli. Lakini katika oveni nilizofungua hapa Tanga, nyingi zikiwa za akina mama na vijana wanaooka keki za kuuza, nimeona vihisi vizima vikitupwa mara nyingi kuliko vibovu. Na kihisi ni kitu kinachopimika. Testa ya bei ndogo (ile mita ya kupima omu na volti), sufuria ya maji yanayochemka na kijiko cha sukari vinatosha kukuambia kama kosa ni lake au la, kabla hujatoa hela ya kipuri.

Mama mmoja wa Chumbageni alinipelekea jiko lake akiwa ameshafungiwa thamostati mpya, kile kifaa kinachowasha na kuzima moto kufuata joto. Keki zilikuwa zinadidimia katikati kabla ya thamostati ile, na zikaendelea kudidimia baada yake. Nilipomulika ndani kwa tochi ya simu, niliiona balbu ya thamostati (kijiti kinachohisi joto, si taa) imetoka kwenye kibanio chake ukutani, imelala juu karibu kabisa na koili ya grili, ule waya wa juu unaotoa moto. Koili ikiwaka, balbu inapata moto kabla ya oveni, thamostati inakata mapema, na hewa ya ndani inabaki kwenye 140 wakati kitufe kinasema 180. Kibanio kilivunjika siku oveni iliposuguliwa kwa steelwaya, na fundi aliyetangulia akairudisha balbu mpya palepale ilipokuwa ya zamani. Thamostati aliyoitoa ilikuwa nzima. "Kwa hiyo baba, hela yangu imekwenda bure?" Sikuwa na jibu la kumpa. Hatua zinazofuata ndizo ambazo zingemwokolea hela ile.

Jua una kihisi cha aina gani

Majiko mengi yanayouzwa kwetu, yale ya sentimita 60 au 90 yenye gesi juu na oveni ya umeme chini, hayana kihisi cha kielektroniki. Yana thamostati ya balbu. Nyuma ya kitufe kuna kisanduku kidogo, na kutoka humo unatoka mrija wa chuma mwembamba kama waya unaoishia ndani ya oveni kwenye balbu nyembamba kama penseli. Mrija umejaa kimiminika. Kikipata joto kinatanuka na kusukuma kiwambo kilichomo kisandukuni, swichi inaachia, koili inazima. Kikipoa kinasinyaa na swichi inashika tena. Hakuna bodi wala hesabu yoyote ya kielektroniki hapo.

Oveni zenye skrini ya namba huwa na aina ya pili: kijiti cha chuma cha pua chenye urefu wa kidole, kimechomoza kwenye ukuta wa nyuma upande wa juu, kikiwa na nyaya mbili nyuma yake. Ndani ya kijiti kuna platinamu, ambayo ukinzani wake (ugumu wa kupitisha umeme, unaopimwa kwa omu) hupanda kadiri inavyopata joto. Bodi ya kielektroniki ya oveni inasoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzijoto.

Aina ya tatu iko kwenye oveni za biashara, zile za deki moja, mbili au tatu zinazotumika kwenye viwanda vidogo vya mikate. Huko kuna thamokapo: nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha, zinazotoa volti ndogo sana ncha ikipata joto. Volti hiyo inasomwa na kidhibiti chenye tarakimu nyekundu na kijani kilichoko pembeni.

Kabla ya kugusa skrubu hata moja

Zima swichi ya ukutani na chomoa plagi. Kama oveni imeungwa moja kwa moja bila plagi, shusha breka yake kwenye boksi la umeme na umwambie kila aliyemo nyumbani asiipandishe. Usitosheke na kitufe cha oveni kuwa kwenye sifuri, kwa sababu thamostati nyingi hukata waya mmoja tu na mwingine unabaki na umeme. Usifungue oveni kwa sababu tu umeme wa mtaa mzima umekatika. Utarudi bila kukuuliza, na mkono wako utakuwa ndani.

Jiko lenye gesi juu, funga mtungi kabla ya kulivuta kutoka ukutani. Vaa glavu, maana mabati ya nyuma ya oveni hukata kama wembe. Na kama oveni inakutekenya ukiligusa bati lake la nje, hiyo si kazi ya kihisi. Kuna umeme unaovuja na waya wa erthi una tatizo, kwa hiyo usiitumie tena hadi hilo litengenezwe.

Pima oveni yenyewe kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Toa trei zote, weka kipima joto cha oveni katikati ya waya wa kati wa kuwekea trei, washa koili ya juu na ya chini, weka 180 na subiri dakika 30. Kisha soma kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa bila kufungua mlango, ukichungulia kupitia kioo. Namba itapanda na kushuka, na hiyo ni kawaida. Oveni ya balbu inayokwenda kati ya 165 na 195 haina ugonjwa: wastani wake ni 180, na keki huiva kwa joto hilo la wastani. Wengi husoma mara moja tu, namba ikiwa kileleni, wakaamua oveni imeharibika.

Huna kipima joto? Tumia sukari. Sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzijoto 186. Weka kijiko kimoja kwenye kipande cha foili. Iache oveni ipate moto vizuri ikiwa kwenye 175, ingiza sukari na uiache dakika 15. Inatakiwa ibaki chengachenga. Kisha pandisha hadi 200, subiri joto litulie, ingiza kijiko kingine cha sukari kwa dakika 15. Hiki kinatakiwa kiyeyuke. Iliyoyeyuka kwenye 175, oveni yako ina moto kupita inavyosema. Iliyobaki kavu kwenye 200, oveni iko chini.

Baada ya hapo angalia tabia ya kosa, kwa sababu tabia ndiyo inayoonyesha pa kwenda. Oveni inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku, tuseme 30 chini, ina balbu iliyohama, kiungio kilichoshika kutu, au inahitaji kurekebishwa. Inayopanda tu bila kukata ina thamostati iliyovuja, swichi au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyogandana, au thamokapo iliyofungwa kinyumenyume. Inayokosea leo na kesho ikawa nzima ina waya uliolegea. Na inayochukua saa nzima kufika 180 lakini hatimaye inafika na kukata pale inapotakiwa, iache sensa yake kabisa.

Hiyo ya mwisho nitaieleza kidogo kwa sababu inawagharimu watu sana. Koili moja ikikatika, oveni inabaki na nusu ya moto na kihisi kinalaumiwa. Ipime koili umeme ukiwa umezimwa na nyaya zake zimechomolewa: ya wati 1200 kwenye volti 230 inasoma karibu omu 44. Isiposoma chochote, imekatika. Raba ya mlango iliyokakamaa inatoa joto nje, na noti ya pesa ukiibana kwenye mlango uliofungwa itachomoka bila kushikwa. Halafu kuna umeme mdogo. Nguvu ya koili hupungua haraka kuliko volti: kutoka 230 hadi 200 unapoteza karibu robo ya moto wote. Mitaa ambayo taa hufifia saa moja jioni, oveni nayo hufifia saa hiyohiyo. Mteja wangu mmoja aliyekuwa akioka usiku alihamishia kazi yake alfajiri na hakuhitaji kipuri chochote.

Thamostati ya balbu

Anza na macho. Balbu inatakiwa ikae kwenye vibanio vyake, isiguse ukuta wala koili, na hewa iizunguke pande zote. Angalia pia trei unazotumia. Trei pana iliyosukumwa hadi nyuma ikaigusa balbu inatosha kuivuruga oveni nzima, na foili iliyotandikwa chini kuzuia michirizi ya mafuta inarudisha joto la koili ya chini na kuunguza vitako vya keki. Balbu iliyogandamana mafuta meusi inachelewa kuhisi, kwa hiyo oveni inapitiliza kabla ya kukata. Isafishe kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni. Usiikwangue kwa kisu.

Fuata mrija kutoka balbu hadi kisandukuni. Unatafuta mahali ulipokunjika kwa kona kali au palipo na unyevu wa mafuta. Mrija uliovuja haurudishiki. Hauchomelewi wala hauzibwi kwa gundi. Kimiminika kikishapungua hakuna cha kusukuma kiwambo, swichi inabaki imeshika, na oveni inapanda hadi kinga ya joto kali ikate au kitu kiungue. Ukiona oveni inatoa moshi bila chakula ndani, fikiria hili kabla ya jingine lolote.

Sasa kipimo chenyewe. Fungua bati la nyuma au la juu ya vitufe, piga picha ya nyaya zote kwa simu (usiiamini kumbukumbu yako), kisha chomoa nyaya za thamostati. Weka testa kwenye mlio au omu, shika vituo viwili vya mkondo mkuu (pale nyaya zilipokuwa zimechomekwa). Kitufe kikiwa sifuri, kimya. Kikiwa 150, testa ilie, na ukinzani usizidi nusu omu hivi. Ikisoma omu kadhaa, vidole vya swichi ndani vimeungua, na utaona hata plastiki ya kituo imebadilika rangi kuwa kahawia.

Ikilia vizuri, ipime kwa maji. Itoe balbu kwenye vibanio taratibu na uivute hadi ifike nje. Chemsha maji kwenye sufuria pembeni, kwa jiko la mkaa au gesi, na utumbukize balbu yote kwa dakika 3. Shika kitufe kikiwa 200 na testa inalia, kisha kirudishe nyuma polepole. Utasikia tik na mlio utakatika. Kwa sisi wa pwani, maji huchemka kwenye 100, kwa hiyo tik inatakiwa itokee kitufe kikiwa karibu na 100. Nairobi na Arusha maji huchemka kwenye 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, na Mwanza karibu 96, basi tegemea tik kitufe kikiwa kwenye namba hiyo ya chini kidogo. Kupishana nyuzi 10 au hata 15 kunavumilika kwa thamostati ya aina hii. Ikitoa tik kwenye 60 au 150, au isitoe kabisa hadi kwenye sifuri, umepata mgonjwa wako. Nimewaona wanaofanya kipimo hiki kwa mafuta ya moto ili wafike 200. Usifanye. Maji yanatosha, na mafuta yakimwagika hayasamehi.

Unapokwenda dukani, kwa Dar ni Kariakoo, beba thamostati ya zamani mkononi. Kupeleka jina la jiko peke yake hakusaidii, kwa sababu jiko la jina moja hutengenezwa kwa vipuri tofauti mwaka hadi mwaka. Linganisha mambo haya: kiwango cha juu cha joto (50 hadi 250 si sawa na 50 hadi 300, kitufe chako kitadanganya), urefu wa mrija, unene na urefu wa balbu, umbo la kijiti cha kitufe na upande uliochongwa bapa, idadi ya vituo, na ampea zilizoandikwa, ambazo kwa kawaida ni 16 kwenye volti 250. Urefu wa mrija ukizidi, uviringishe kwa duara pana nyuma ya oveni mbali na vituo vya umeme. Ukipungua, rudisha dukani. Kamwe usiukate.

Kihisi cha platinamu

Kwenye oveni za skrini, kazi ni nyepesi na namba zake zinapendeza. Kihisi cha kawaida ni kile cha omu 1000 kwenye nyuzijoto sifuri. Chomoa konekta yake, weka testa kwenye omu 2000, pima kati ya nyaya mbili. Hizi ndizo namba zake:

Nyuzijoto 20: omu 1078
Nyuzijoto 25: omu 1097
Nyuzijoto 30: omu 1117
Nyuzijoto 100: omu 1385
Nyuzijoto 180: omu 1685
Nyuzijoto 200: omu 1759
Nyuzijoto 250: omu 1941

Kwa joto la chumba la Tanga au Mombasa unatarajia kati ya 1100 na 1125. Ukikuta karibu 555 usishtuke, kuna oveni za Ulaya zenye kihisi cha omu 500, na kila namba hapo juu unaigawa kwa mbili. Ukikuta omu elfu nyingi zinazoshuka unapokishika mkononi, hicho si cha platinamu, ni cha aina inayopungua ukinzani ikipata joto, na jedwali hili halikihusu. Walioko Marekani watakuta kihisi cha omu 1000 karibu kila nyumba. Katika oveni nyingi za GE, F3 ikitokea kwenye skrini inaashiria kihisi kimekatika, na F4 kimepiga shoti.

Hapa kuna jambo ambalo likikuingia, utatambua kosa kabla hata ya kushika testa. Kila omu 4, kwa kukadiria, ni nyuzijoto 1. Kiungio chenye kutu au kilicholegea huongeza ukinzani. Kutu ya omu 80 inaifanya bodi iamini oveni ina joto la nyuzi 20 zaidi ya lililopo, hivyo inakata mapema, na chakula hakiivi. Unyevu au waya uliochubuka ukagusa bati hufanya kinyume: ukinzani unaposhuka, bodi inadhani oveni ni baridi, inaendelea kuchoma, chakula kinaungua. Kwa hiyo oveni ya skrini isiyoivisha, kimbilia kwenye viungio. Oveni ya skrini inayounguza, tafuta palipochubuka.

Pima basi kwa mpangilio huu. Omu kwenye konekta ya kihisi chenyewe, kisha omu kule nyaya zinapoingilia kwenye bodi zikiwa zimechomolewa hapo na kihisi kimeunganishwa. Namba mbili zinatakiwa zilingane, tofauti isizidi omu 1 au 2. Zikipishana sana, kihisi ni kizima, waya au konekta ndiyo mbovu. Testa ikiwa bado imeshika, tikisa waya taratibu urefu wote. Namba inayorukaruka inakuonyesha waya umekatikia wapi ndani ya ganda. Mwisho, ncha moja ya testa kwenye waya wa kihisi na nyingine kwenye ganda la chuma la kijiti, kwenye kiwango kikubwa kabisa cha omu. Isisome kitu. Ikisoma, unyevu au ufa umeingia na kijiti hicho hakirudi.

Kihisi kikisoma sawa kwa baridi lakini bado unakishuku, kitumbukize ncha yake kwenye maji yanayochemka, mkia na nyaya zikiwa juu ya maji. Pwani kitasoma 1385 au jirani yake. Nairobi kitasoma karibu 1365. Barafu iliyosagwa iliyochanganywa na maji kidogo itakupa 1000. Kikifaulu hapo pote, kirudishe kwa heshima, na sasa ishuku bodi. Bodi nayo unaweza kuijaribu kabla ya kuagiza nyingine: nunua rezista (kipande chenye ukinzani usiobadilika) ya omu 1100 na ya omu 1500, uchomeke kila moja badala ya kihisi. Ya kwanza ni sawa na nyuzi 26, ya pili ni sawa na 130. Oveni zinazoonyesha joto halisi kwenye skrini zitakuandikia namba hizo, na bodi inayoandika kitu cha mbali imejitaja yenyewe.

Kubadilisha ni skrubu mbili. Zifungue kwa ndani, vuta kijiti pamoja na waya, na ufunge uzi kwenye konekta kabla haijapotelea nyuma ya sufi ya kuzuia joto, maana ikishazama humo utalazimika kuvua bati zima. Kama konekta mpya hailingani, usiunge kwa risasi ya kuchomelea nyaya na tepu. Risasi ya kawaida huanza kuyeyuka karibu na 183, na tepu ya plastiki itaoza wiki ya kwanza. Tumia viungio vya seramiki au vya kubana kwa koleo, waya wenye ganda la silikoni au la nyuzi za kioo, na kiungio kikae mbali na bati la moto.

Thamokapo ya oveni ya mikate

Hapa makosa ni machache na mengi ni ya mkono wa binadamu. Aina inayotumika karibu kote ni K. Ikikatika, vidhibiti vya umbo la REX-C100 huonyesha oooo badala ya namba. Zima umeme, chomoa nyaya mbili za thamokapo kwenye kidhibiti, unganisha vituo vile viwili kwa kipande kifupi cha waya, washa. Kikionyesha joto la chumba, kidhibiti ni kizima na thamokapo ndiyo imekatika. Kikiendelea na oooo, kidhibiti kina tatizo. Kipimo hiki ni cha dakika 2, na kinatenganisha vipuri viwili ambavyo watu hununua vyote kwa pamoja bila sababu.

Thamokapo iliyokatika kabisa haisomi omu zozote, nzima husoma omu chache. Ukitaka uhakika zaidi weka testa kwenye milivolti na ncha kwenye maji yanayochemka: ukiwa kwenye chumba cha nyuzi 30, pwani utaona karibu 2.9.

Kosa la kwanza la mkono ni kugeuza nyaya. Oveni inapopata moto, namba inashuka, na kidhibiti kinazidi kuchoma bila mwisho. Ukiona namba inarudi nyuma wakati oveni inawaka, zima papo hapo. Rangi za nyaya hutofautiana kwa kila nchi inakotengenezwa, kwa hiyo beba sumaku ndogo: waya wa hasi wa aina K hushikwa na sumaku, wa chanya haushikwi.

Kosa la pili ndilo lililonisumbua sana nilipoanza. Waya wa thamokapo ukiwa mfupi, fundi anaurefusha kwa waya wa kawaida wa shaba. Inafanya kazi, namba inaonekana, kila mtu anaondoka ameridhika. Lakini pale shaba ilipoungana na thamokapo pakiwa na joto la 80 nyuma ya oveni, na kidhibiti kiko kwenye 35, kidhibiti kitasoma nyuzi 45 chini ya ukweli. Oveni inayosema 200 iko kwenye 245. Na kosa hilo hukua kadiri siku inavyosonga na mabati kupata moto, ndiyo maana mikate ya asubuhi hutoka vizuri na ya mchana huungua, mwokaji akalaumiwa kwa uzembe. Refusha kwa waya wa thamokapo wa aina ileile, au nunua mrefu tangu mwanzo.

Namba kwenye kidhibiti ikiwa ya kweli, iko juu ya ulichoweka, na koili bado zinawaka, kihisi hakihusiki kabisa. Kontakta (rilei kubwa) au rilei imegandana. Rilei za kielektroniki mara nyingi hufa zikiwa zimeshika, kwa hiyo oveni inabaki inachoma hata kidhibiti kikizima taa yake. Hapo shusha breka, na usiendelee kuoka kwa kuwasha na kuzima kwa mkono.

Baada ya kutengeneza

Rudisha mabati yote kabla ya kupima tena. Oveni isiyo na bati la nyuma inapoteza joto na itakudanganya. Kipimo cha kwanza kiwe bila chakula, dakika 30 za kupasha na nusu saa ya kusoma, kwenye 180. Kisha rudia kwenye 220. Kosa likiwa lilelile kwenye namba zote mbili, tuseme 10 chini kila mahali, unaweza kulirekebisha bila kununua kitu: oveni nyingi za skrini zina sehemu ya marekebisho kwenye mipangilio, na kwenye REX-C100 unabonyeza SET kwa sekunde kadhaa hadi ufike SC, halafu unaongeza au kupunguza nyuzi zilizopungua au kuzidi. Kosa likitofautiana, 5 chini kwenye 180 na 30 chini kwenye 220, usiguse marekebisho. Rudi kwenye viungio na koili.

Kinga ya joto kali, ile pande ndogo ya duara yenye nyaya mbili nyuma ya oveni, ipime nayo ilie kwenye testa. Ikiwa imekata, usiiunge moja kwa moja ili oveni iwake leo. Mara nyingi hukata kwa sababu thamostati ilishindwa, na huenda ndiyo pekee iliyozuia jikoni kuungua. Nunua nyingine ya nyuzi zilezile zilizoandikwa mgongoni.

Mwisho andika kwa kalamu ya wino usiofutika, kwenye bati la nyuma, tarehe, aina ya kihisi na omu ulizosoma kikiwa baridi. Fundi atakayefungua baada yako, pengine wewe mwenyewe miaka 3 ijayo, atalinganisha na atakachopima siku hiyo. Yule mama wa Chumbageni nilimwandikia kwenye mlango wa droo, karibu na vipimo vyake vya unga: kitufe 180, ndani 178, balbu kibanioni.